Chupa iliyorudi imejaa

Aliyegundua ni mama yake. Kila asubuhi alimjazia Tata chupa ya lita moja na nusu, maji aliyochemsha usiku juu ya mbabula, jiko letu la makaa, na kila mchana aliipokea chupa ileile imejaa hadi shingoni. Siku ya kwanza alidhani mtoto amesahau. Siku ya nne alikuja akaisimamisha juu ya rundo la daftari nilizokuwa nasahihisha, hakusema neno, akarudi kusonga bukari yake, ugali wetu.

Nikamwita kijana.

"Tata, mayi inabakia mu chupa juu ya nini?"

"Nikikunywa, nitataka kutoka kukojoa."

"Sasa? Utatoka."

"Madamu anakatala. Ni mara moja tu, saa ya rekreasio."

Alisema bila kulalamika, kama mtu anayekutajia bei ya mkate.

Tata si jina lake la shuleni. Amebeba jina la marehemu baba yangu, na kwetu jina la mzee hulitamki hovyohovyo ukimgombeza mtoto kwa ajili ya viatu. Unamwita Tata, yaani baba. Ndiyo sababu mke wangu, kwenye mtaa wetu huku Katuba, Lubumbashi, Kongo, anaitwa Mama Tata, mama wa baba, na wageni hucheka. Wakati wa chupa ile Tata alikuwa darasa la tatu. Sasa ana miaka kumi. Na ni esesi.

Esesi ni ugonjwa wa damu wa kurithi, na jina ni namna yetu ya kusoma herufi mbili zinazotoka kwenye karatasi ya kipimo cha damu, elektroforezi: SS. Waliokaa sana hospitali wanasema drepano. Watanzania wanasema selimundu, na neno hilo nalipenda kuliko yetu yote kwa sababu linakuonyesha kitu chenyewe: chembe nyekundu ya damu inajipinda kama mundu, inakuwa ngumu, inanasa kwenye mishipa midogo, na pale iliponasa, nyama na mifupa hukosa hewa. Hayo ndiyo maumivu. Tunasema mtoto "anafanya krizi". Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya Tata siku 10 mpaka 20. Kwa hiyo damu yake ni pungufu siku zote, anachoka upesi, na macho yake yana umanjano ambao wenzake darasani waliupa jina la utani kabla sisi hatujapata la kujibu. Mimi ni AS, mama yake AS, yaani tumeubeba bila kuugua. Kila mimba yetu ilibeba nafasi moja kati ya nne ya kuleta SS. Tuna watoto wanne, na mwenye SS ni yeye peke yake, ingawa hesabu hiyo haiendi kwa zamu kama shangazi zangu wanavyoamini.

Kitu ambacho daktari alikuwa ameshanieleza, nami nikatikisa kichwa bila kukielewa, ni habari ya figo. Figo za mtoto wa esesi hupoteza mapema uwezo wa kubana maji. Mkojo unatoka mwingi na mwepesi, hata akiwa na kiu. Anahitaji kunywa kuliko wenzake, na kutoka kuliko wenzake. Ukimzuia kutoka, atajifundisha kutokunywa. Asipokunywa, damu inazidi kuwa nzito, chembe zinajipinda, na saa nne asubuhi Madamu ana mtoto chini ya dawati anayelia ameshika paja. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Kulikuwa na sheria moja ya darasa, nzuri kabisa kwa watoto 86, na wa 87 alikuwa anaugua kwa sababu yake.

Ningependa kuandika kwamba nilikasirika. Nilinyamaza, kwa sababu sheria ile ni yangu pia. Mimi ni mwalimu wa jiografia sekondari, huu ni mwaka wangu wa kumi na nne, na kila Septemba nilikuwa nasimama mbele ya darasa na kutangaza: "Mu saa yangu hakuna mutu anatoka." Niliona fahari hata. Darasa langu lilikuwa kimya.

Tena kuna jambo lingine. Miaka kama sita iliyopita, darasa la tatu sekondari, nilikuwa na kijana aliyelaza kichwa juu ya mkono kila somo langu. Mrefu, mwembamba, macho ya manjano. Nilimwita Bwana Godoro. Darasa lilicheka, na yeye alicheka. Baada ya Pasaka hakurudi. Niliandika kwenye rejista "ameacha", nikapiga mstari kwa rula. Wakati huo Tata alikuwa na miaka minne na tulishajua ugonjwa wake. Yaani nilikuwa nalala hospitali kwenye mkeka, pembeni ya kitanda cha mwanangu, na asubuhi nakwenda kumcheka wa mwenzangu.

Basi nikaenda shuleni kwa Tata. Mke wangu alikuwa ameshakwenda mara tano au sita kabla yangu. Walimpokea vizuri, wakampa kiti, wakamwambia "pole, mama", na yote yakaishia kwenye pole. Mimi nilifika mara moja, shati limepigwa pasi, kalamu mfukoni, na direkta akasimama: "Karibu, profu!" Wababa mnaosoma hapa, lisikieni hili: safari ya shuleni msimwachie mama peke yake. Yeye ndiye anayejua mambo, lakini wewe ndiye wanayekusikiliza. Ni aibu, lakini ndivyo ilivyo, na mtoto hawezi kungoja mpaka ibadilike.

Nilikuwa na barua. Kurasa mbili za Kifaransa kilichonyooka, na nyuma yake ripoti ya daktari yenye muhuri. Direkta alisoma aya ya kwanza, akasifu mwandiko, akaiweka kwenye droo na kugeuza ufunguo. Ilikuwa mwezi wa tatu. Mpaka mwezi wa sita, droo ile ndiyo pekee shuleni iliyojua jinsi ya kumtunza mwanangu.

Mwezi wa sita unahitaji maelezo, maana najua msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam akisikia Kongo anafikiria msitu na jasho. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia mwezi wa tano mvua imeshakatika, mbingu ni safi, joto la mchana lote linapotea usiku, na alfajiri ya mwezi wa sita au wa saba kipimo kinaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Waluba wanaita mashika. Mtu mzima wa damu nzuri anafunga koti na kusugua mikono. Kwa mtoto wa esesi baridi inakaza mishipa ambayo tayari ni myembamba kwa chembe zake. Na kwa kuwa mwaka wa masomo wetu unakwisha mwanzoni mwa mwezi wa saba, mashika na mitihani vinafika pamoja, kama wageni wawili wasiopendana waliopanda basi moja.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita huo mama yake alimvalisha sweta nyekundu ya sufu, ya mitumba, nzito kweli. Yunifomu yetu nchi nzima ni buluu na nyeupe. Mlangoni mwalimu wa zamu alimwambia avue. Tata akavua, akaikunja, akaitia ndani ya mkoba. Halafu akasimama mstarini na shati lake la mikono mifupi: bendera, wimbo wa taifa, matangazo, onyo kwa wanaochelewa, matangazo mengine. Dakika ishirini na tano. Najua ni ngapi kwa sababu mimi pia hutoa matangazo ya namna hiyo kwenye shule yangu, na hakuna anayependa sauti yake saa moja na nusu asubuhi kama mwalimu.

Saa nne wakanipigia. Nilipofika alikuwa amekaa kwenye ngazi ya darasa, mguu wa kushoto ameunyoosha, mdomo amefunga. Krizi kubwa haina kelele, watu hawalijui hilo. Mwalimu mmoja mwenye huruma alikuwa amemfunga goti kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi, kama tunavyomfanyia mtoto aliyeanguka. Maji yalikuwa yanachuruzika mpaka ndani ya soksi. Nilipiga magoti kufungua kitambaa na vidole vyangu vikafa ganzi. Aliyekifunga alikuwa na nia njema kuliko mimi na barua yangu, na alikuwa anaongeza ugonjwa. Sweta nyekundu ilikuwa ndani ya mkoba, imekunjwa vizuri.

Siku sita hospitali. Damu ikashuka, wakahitaji kumwongezea, na kama ilivyo desturi familia ikaambiwa ilete mtu wa kutoa. Mimi kundi langu halikulingana. Aliyekuja ni mwalimu wake wa michezo, yule tuliyekuwa tunamwogopa kuliko wote kwa sababu ya kukimbiza watoto. Alikaa, akatoa damu, akanywa Fanta yake, akarudi kazini. Sijui kama niliwahi kumshukuru inavyostahili.

Tulipotoka, direkta aliniita ofisini. Alifunga mlango.

"Profu, tuko bawalimu wawili, tuambiane kweli. Huyu mutoto, kumuchokesha juu ya nini? Abakie ku nyumba, apumuzike."

Macho yake yalikuwa na machozi. Ningekuwa na nguvu ningemjibu vibaya, lakini nilijua anachosema kinatoka wapi. Hapa kwetu watu wengi wameona watoto wa esesi wakizikwa wadogo, na wamehitimisha kwamba ndivyo wote watakavyokwenda. Ukishahitimisha hivyo, shule inaonekana kama adhabu ya bure. Wengine wanasema ni balozi, wachawi, na hapo tena hakuna la kujadiliana na mwalimu. Huyu wetu hakusema balozi. Alisema apumzike, na neno hilo lilinikaa vibaya kuliko uchawi.

Usiku ule nilimhadithia Tata habari niliyokuwa nimeisoma siku za nyuma. Mgonjwa wa kwanza ambaye madaktari wa Marekani walimwandika akiwa na chembe zenye umbo la mundu alikuwa mwanafunzi. Jina lake Walter Clement Noel, kijana kutoka kisiwa cha Grenada, aliyefika Chicago mwaka 1904 kusomea udaktari wa meno. Mwaka haujaisha akalazwa. Daktari James Herrick alichapisha habari zake mwaka 1910, na wanaosimulia huishia hapo, kwenye darubini. Mimi kama mwalimu nilitaka kujua kuhusu masomo. Alilazwa na kutoka, akalazwa na kutoka, karibu miaka miwili na nusu, na mwaka 1907 alimaliza pamoja na wenzake, akarudi Grenada kutibu meno ya watu. Wakati huo hata penisilini haikuwepo. Alifariki mwaka 1916 kwa nimonia, lakini kwa Tata niliishia kwenye meno, huo mwaka mwingine nikauacha.

Akafikiri. "Chicago iko baridi?"

"Sana. Barafu inashuka."

"Balimuachia sweta?"

Leo kuna dawa ambazo Noel hakuziota. Hydroxyurea imefanyiwa utafiti kwa watoto wa Afrika, katika Angola, Kongo yetu, Kenya na Uganda, na matokeo yaliyochapishwa katika jarida la madaktari yalionyesha maumivu yamepungua, malaria imepungua, kuongezewa damu kumepungua, vifo pia. Tata aliianza likizo ile, na anapimwa damu kila mara kwa sababu dawa yenyewe inataka kuchungwa. Krizi zimekuwa chache. Ila kidonge hakimwombei mtu ruhusa ya kwenda chooni.

Binamu yangu anaishi Ufaransa na mwanawe ana ugonjwa huuhuu. Kule wana kitu wanachokiita PAI: mpango ulioandikwa, kwa ombi la wazazi, unaosema mtoto huyu shuleni atendewe nini, dawa zake ziko wapi, akizidiwa nani anafanya nini. Daktari wa shule anashiriki, mkuu wa shule anatia sahihi. Alinitumia picha zake kwa WhatsApp, ukurasa baada ya ukurasa. Marekani wana kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973, kinachozikataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mwenye ulemavu, na magonjwa kama haya yanaweza kuingia humo. Nasi sheria tunazo. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema elimu ya msingi ni lazima na ni bure katika shule za serikali. Iko sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009. Iko sheria ya elimu ya mwaka 2014. Nilinakili namba zake zote kwenye kikaratasi, nikakitia mfukoni, na siku ya mazungumzo sikukitoa. Kuna watakaonilaumu. Lakini mwalimu anayetishwa na sheria nampata kirahisi kwa sababu ndiye mimi: kila mtoto atakapokunja uso, atamrudisha nyumbani, ili yasimkute. Na kurudishwa nyumbani ndiko nilikokuwa napigana nako.

Madamu wa darasa la nne ndiye aliyenifungua macho. Nilimkuta wiki ya kwanza ya Septemba, watoto tisini na kitu, madawati wanakaa wanne wanne. Tangu elimu ya msingi iwe bure kweli, mwaka 2019, watoto waliokuwa mitaani wameingia darasani, na sitasema neno baya juu ya hilo. Lakini aliyewapokea ni mtu mmoja mwenye chaki. Nilipoanza kumweleza, alinikatiza.

"Profu, mimi sikatale. Naogopa. Akinifia mu mikono, nitasema nini?"

Nikaacha hotuba yangu. Miezi yote ile nilikuwa nahesabu ukaidi, na mbele yangu alikuwa amekaa mtu anayeogopa. Anayeogopa humpi ripoti ya daktari. Unamwambia afanye nini dakika ya kwanza, ya pili, na lini asiendelee kungoja.

Tuliandika karatasi moja. Kiswahili, mkono, herufi kubwa, upande mmoja tu. Mke wangu alinisomesha na mimi nikaandika, na kila nilipotia neno la kitaalamu alinifutisha. Tukaibandika kwa gundi ndani ya jalada la rejista ya mahudhurio, kwa sababu rejista inafunguliwa kila asubuhi, na Madamu akiugua, anayekuja kushika nafasi yake ataifungua vilevile. Hilo la rejista, kama kuna kitu kimoja cha kuchukua hapa, chukueni hilo.

Mstari wa kwanza: anatoka bila kuomba. Chupa inakaa juu ya dawati, isiwe ndani ya mkoba. Anavaa sweta hata kama rangi yake haifai (mama yake alikuwa ameshashona ya buluu, lakini mstari tuliuacha). Hasimami mstarini kwenye baridi wala hapigi magoti juani. Akikosa, apewe adhabu ya kuandika. Adhabu apewe, Tata si malaika. Akisema anaumwa: akae mahali pa joto, anywe maji, apewe kidonge kilicho ndani ya kikopo chake, kwa kipimo alichoandika daktari, angojewe nusu saa. Mara nyingi anarudi kwenye dawati. Maji ya baridi na barafu, kamwe. Halafu chini, kwa kalamu nyekundu, mambo yasiyongoja nusu saa: homa ya 38.5 au mwili unaochoma, kifua kuuma au kuhema, kichwa kuuma sana, mdomo kwenda upande au mkono kukosa nguvu, kupauka ghafla na tumbo kuvimba. Hapo mtu ampandishe pikipiki, aende naye moja kwa moja hospitali, na atupigie wakiwa njiani. Namba zetu mbili.

Kuna mstari ambao haukuandikwa. Wavulana wa esesi wakati mwingine uume unasimama wenyewe, kwa maumivu makali, bila sababu yoyote ya aibu, na ukikaa hivyo kupita muda wa saa nne ni dharura ya hospitali. Mtoto hatamwambia Madamu hilo hata umpe dunia. Nilizungumza na yule mwalimu wa michezo, mwanamume kwa mwanamume, na yeye akazungumza na Tata. Wakakubaliana neno la siri. Mimi mwenyewe silijui.

Kikopo cha dawa kilikuwa na vita vyake. Madamu alitaka sahihi. Nikatia sahihi. Mama yake akatia. Daktari akatia, na muhuri. Mwishowe direkta aliposikia watu wote wametia sahihi akaona yake inakosekana, akaomba kalamu, na hapo nikajua imepita.

Lililobaki gumu ni sifuri. Daftari la alama halina kisanduku cha "alikuwa hospitali". Mtoto asipofanya jaribio anapata sifuri, sifuri inakwenda kwenye bulletin, ripoti ya shule, na kwenye bulletin ya darasa la tatu, pale pa bidii, waliandika: ndogo. Mtoto aliyekuwa anasoma meza ya saba, saba mara moja, saba mara mbili, akiwa na sindano mkononi! Hapa niligombana kweli, kwa sauti, na sijutii. Tukafika mahali: akikosa jaribio la Kifaransa au hesabu, nafasi inaachwa wazi mpaka alifanye, mengine madogo yanahesabiwa kwa wastani wa yale aliyofanya. Na jirani yake wa dawati, mtoto mwenye mwandiko kama mguu wa kuku, ndiye anayekuja jioni na daftari. Mwanzoni tulitaka Madamu apige picha ubao. Jirani ni bora. Picha haileti habari za nani amepigana na nani.

Sasa niseme na la upande wetu. Mwaka jana, kwa wiki tatu mfululizo, Tata alifanya krizi Alhamisi saa tatu. Madamu alinizuia barabarani akijaribu kutocheka.

"Profu, ile krizi inajua saa ya dikte."

Nilimwuliza Tata, akatazama dari. Nilitaka kumchapa, na nilitaka kucheka, na pia nilishikwa na hofu, maana siku mwalimu atakapoacha kumwamini ndiyo siku atakayoumwa kweli. Tukakubaliana na Madamu hivi: anaaminika kila mara, bila kuulizwa maswali. Anakwenda mahali pa joto, anakunywa, anapumzika. Na dikte, yaani imla, inamngoja. Akirudi anaifanya peke yake, sentensi kwa sentensi, wenzake wakiwa rekreasio. Krizi za Alhamisi zilipona zote.

Darasani kwangu mimi nimeondoa ile sheria. Wiki mbili za kwanza ilikuwa fujo, wavulana wakubwa wanatembea kama wako sokoni Kenya (si nchi, ni mtaa wa hapa Lubumbashi), wengine walirudi na mandazi mdomoni. Kisha wakachoka. Sasa wanatoka watatu au wanne kwa saa, na ukimya haujarudi kama zamani, na nimeanza kuuzoea mlio wa mlango. Chupa ziko juu ya madawati. Sijamwona tena yule kijana niliyemwita Godoro. Akiwa hai atakuwa na miaka ishirini na zaidi.

Mwaka huu Tata amepanda darasa la tano, mwalimu mpya, karatasi mpya. Safari hii alitaka kuisoma kabla haijabandikwa. Aliisoma yote akifuata kwa kidole, akasahihisha namba ya simu ya mama yake niliyokuwa nimeikosea, akasimama kwenye mstari wa michezo. Nilikuwa nimeandika: asikimbie.

"Baba, hapa ufute."

"Juu ya nini?"

"Mimi niko golikipa. Golikipa anakimbia?"

Na kabla sijajibu alikaa chini, akaanza kurukaruka kwa makalio kuvuka sebule, kama Kidiaba, golikipa wa Mazembe, timu yetu ya hapa, alivyokuwa akishangilia bao, mpaka akagonga kiti. Kidiaba alianza kufanya hivyo kabla Tata hajazaliwa. Hapa Lubumbashi mtoto huzaliwa anajua.

"Ku goli kuko upepo!" mama yake akapiga kelele kutoka nje, kwenye mbabula.

Nikafuta. Nikaandika: anaruhusiwa kukaa golini. Mama yake akaingia akijifuta mikono, akachukua kalamu, akaongeza mwishoni: na sweta.